Vichwa vya Mbuzi Nilivyokopa Kansanga

Walisema sitaandika kamwe. Walisema mwenye diploma kazi yake ni kuosha chupa na kufunga milango jioni, na kwamba jina la mtu kama mimi likionekana limechapishwa mahali, basi ni tangazo la kifo. Hilo la tangazo la kifo alilisema ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kansanga, mtaa wetu wa Kampala. Alilisema mbele ya wageni, mdomo umejaa sambusa. Profesa niliyemfanyia kazi alilisema kwa ufupi zaidi.

"Wewe iko mikono," aliniambia. "Karatasi inataka kichwa."

Nayaandika haya ili wayasome. Wote wawili wangali hai na macho yao yanaona vizuri, alhamdulillahi.

Mimi ni mtoto wa Kansanga, wa ukoo wa Waswahili ambao mababu zao walifika huku na biashara wakasahau kurudi. Nyumbani tunazungumza Kiswahili cha pwani ambayo wengi wetu hatujaiona. Nilikwenda Ulaya na begi moja. Nilifagia sakafu za maabara ya ubongo mpaka nikajua kila mashine inafanya nini, nikasomea diploma jioni kwa lugha niliyojifunza kwa kusoma maandishi ya chupa za sabuni. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi nilijenga nyumba, ukuta wake mrefu kuliko wa ami, na niliupandisha makusudi.

"Wenzako wanarudi na magari," ami alisema alipokuja kuiona. "Wewe umerudi na kipande cha karatasi."

"Gari linashuka thamani, ami."

"Na hiyo diploma, ilipanda lini?"

Wageni walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa chai ilikuwa yangu.

Nilipata kazi kwa Profesa. Alichunguza namna seli za ubongo zinavyobadilisha ujumbe wake mnyama anapopata kifafa, na jina lake lilikuwa kubwa. Kwa asiyejua mambo ya watu hawa: mwanasayansi hapimwi kwa anachokijua. Anapimwa kwa makala alizochapisha, na zaidi kwa idadi ya wengine waliomtaja katika makala zao. Kutajwa ndiyo heshima yao, ndiyo cheo, ndiyo safari za ndege. Profesa hakuwa anasalimia mtu asubuhi kabla ya kufungua kompyuta kuona kama wamemtaja usiku. Siku ambayo hawakumtaja, tuliijua kwa namna alivyofunga mlango. Na wanafunzi wake walilipa kodi: hakuna aliyeruhusiwa kupeleka makala popote kabla hajamtaja Profesa, hata kama makala ile na kazi zake havikujuana. Nusu ya fahari yake ilitoka kwa watoto wale waliokuwa wakimwogopa.

Mikono iliyofanya kazi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekata bongo za panya vipande vyembamba, mimi ndiye niliyetoa RNA ndani yake. Makala zilipotoka, nilikuwa chini kabisa, kwenye mstari wa shukrani, baada ya walishaji wa panya. Sizidishi. Baada ya walishaji wa panya.

Na alizungumza nami Kiswahili, ingawa na wanafunzi alizungumza Kiingereza au Luganda. Nchi hii watu wengi Kiswahili walikisikia kwanza kwa mwenye bunduki, na Profesa alikitumia vivyo hivyo. "Wewe! Kuja hapa. Leta ile sanduku." Lugha ya mama yangu ilikuwa kwake fimbo ya kuchungia.

Sasa, RNA. Huo ndio ujumbe wenyewe ndani ya seli, na unaoza upesi kuliko samaki. Ukitoa ubongo ukauacha kwenye joto, ujumbe unakatikakatika. Dawa ya wakubwa ni friza yenye baridi kali kuliko baridi yoyote niliyoiona Ulaya. Lakini friza inakula umeme, na umeme wa Kampala sote tunaujua tabia zake. Nilijua kuwa kuna chumvi, jamaa ya mbolea wanayonunua wakulima, ambayo ukiikoleza kwenye maji inaufanya ubongo utulie usioze. Huko nje huuzwa kwenye vichupa vya bei ya dhahabu. Mimi nilitaka kupata mchanganyiko wa kwetu, wa kukaa kwenye rafu ya kawaida, katika joto la kawaida, bila umeme wowote, na nithibitishe kwa vipimo. Kisha niandike. Jina moja, langu.

Nilimwomba Profesa panya wachache.

"Panya yangu si ya kucheza," akasema. "Wewe nataka kucheza, enda cheza na mbuzi."

Nikaenda kwa mbuzi.

Idi ya kuchinja ukoo wetu wote hukusanyika uani kwa ami. Kila nyumba huleta mbuzi wake, na nyama hugawiwa masikini wanaopanga mstari nje ya geti tangu alfajiri, wengi wao wakitembea kutoka mabanda ya Bwaise na mabegi ya plastiki mkononi. Lakini vichwa havitoki. Kwetu kichwa hubaki nyumbani kwa supu ya siku ya pili, na ubongo huliwa na mzee wa nyumba. Mimi nikawaza: hapa pana bongo nyingi, mbichi, na kwa kila mmoja naijua dakika aliyochinjwa mbuzi wake. Hakuna maabara ya Ulaya inayopata zawadi hiyo kwa asubuhi moja.

Nilifika na vichupa vyangu na saa yangu mkononi. Ami alikuwa getini na kanzu nyeupe, akigawa.

"Ami, nahitaji vichwa."

"Vya nani?"

"Vya wote."

Akanitazama, akatazama vichupa, akacheka mpaka akakohoa. "Umekuja kuomba? Basi waombaji wana mahali pao. Panga mstari na wenzako."

Hakuwa anatania. Alininyooshea kidole mpaka nikatoka nje ya geti, mimi, mwenye nyumba ya ukuta mrefu, nikasimama jua kali nyuma ya vikongwe na mama wa Kikongo aliyekuwa akiuza vitenge soko la Owino. Mama yule alikuwa Mkristo na hakuona tabu kula nyama ya Idi. Alinikagua kuanzia viatu.

"Papa ya Ulaya," akasema, maana kwao baba huitwa papa, "hata weye? Dunia imekwisha kweli!"

Mstari mzima ukacheka. Nilipomweleza kuwa sitaki nyama, nataka bongo za kupima, alitikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomtikisia mgonjwa.

Nilipofika mbele, ami alikuwa na hoja nyingine. Nyama ya Idi haiuzwi, na kama nikichukua ubongo nikapata faida kwake, dhambi itamrudia yeye.

"Sinunui, ami. Nakopa. Kichwa kwa kichwa. Nitarudisha."

"Utarudisha lini?"

Uani kote watu walisogea kusikiliza. Hasira ilinipanda, na hasira ikinipanda mimi husema mambo makubwa, kisha huyafanya. Nilisema: "Nitachapisha makala kwa vichwa hivi. Na siku Profesa wangu mwenyewe, aliyenituma kwa mbuzi, atakaponitaja katika makala yake, Idi itakayofuata nitamlipa kila mtu kichwa chake."

"Kwa hiyo vimekwenda," ami akawaambia watu. "Semeni kwaheri kwa supu."

Aliyemaliza ubishi ni bibi, mama yake ami, ambaye meno yalikwisha kumtoka na kitu laini alichokingoja mwaka mzima ni ubongo huo. Aliketi kwenye mkeka kivulini.

"Wangu utaukalisha wapi?" akaniuliza.

"Kwenye maji ya chumvi, bibi."

"Basi na ndimu uukamulie. Mpeni. Mtoto huyu hata akiwa mdogo alikuwa akivunja vitu aone ndani."

Ami akatoa vichwa lakini akakataza visu vyake visinisaidie. Mama wa Kikongo ndiye aliyeniazima panga lake, alilolibeba kwenye kapu, na fuvu la beberu mmoja likalivunja makali. "Na hilo pia ni deni," akasema.

Kazi niliifanya barazani kwangu. Vipande vya ubongo kwenye chumvi, vichupa kwenye rafu ya jikoni kando ya unga, bila barafu, na vipande vingine nikaviacha bila chumvi kwa kulinganisha. Kila baada ya muda nilichukua vichache nikavipima maabara baada ya saa za kazi. RNA nzima ukiipitisha kwenye jeli inatoa mistari miwili, safi, kama nyuzi mbili za cherehani. Iliyooza inatoa moshi. Vile visivyo na chumvi vilitoa moshi mapema. Vyangu vilitoa mistari miwili, tena miwili, na tena miwili, mpaka nikaona aibu kwa ajili ya friza ya Profesa.

Nilipomaliza kuandika nilimpa asome, kwa adabu. Aliniita siku ya mkutano, wanafunzi wote wamekaa, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye mbuzi wa Idi alisimama kidogo ili wacheke, nao wakacheka, kwa kuwa makala zao zilikuwa mezani kwake. Kisha akaweka karatasi chini na kuniambia Kiswahili chake:

"Hii si sayansi. Hii ni kupika supu. Lakini mimi nataka saidia wewe. Weka jina yangu ya mwisho, tutapeleka."

Mahali pa mwisho ndipo pa mkubwa. Kila asomaye makala za watu hawa analijua hilo.

"Vichwa vilikuwa vya bibi yangu, Profesa," nikasema. "Mwisho ningemweka yeye."

Wanafunzi hawakucheka safari hii. Kesho yake aliniondoa kwenye mashine akanirudisha kwenye sinki. Miezi kwa miezi niliosha chupa, kama walivyotabiri, huku watoto niliowafundisha kushika pipeti wakinipitia na kunipa vyombo vyao vichafu. Mmoja alikuwa akinibwagia bila kunitazama. Leo ananiandikia barua pepe ndefu akiomba nafasi ya kazi. Sijamjibu.

Jarida liliikubali. Ada ya kuchapisha watu wa nchi zetu husamehewa, nami nilipokea msamaha ule kama haki yangu. Nilichapa nakala nikaipeleka kwa ami. Akaigeuza nyuma na mbele.

"Jina lako liko peke yake," akasema. "Hata hapa huna rafiki."

Kisha kukawa kimya. Watu hawaelewi ukatili wa kimya kile. Makala imechapishwa, dunia nzima inaweza kuisoma, na hakuna anayekutaja. Sufuri. Nilikuwa nikikausha mikono kwenye sinki, nafungua simu, sufuri. Profesa naye aliiangalia, maana alikuja siku moja kuniambia: "Leo mimi nimepata kumi na moja. Wewe ngapi?" Idi ilipofika, ami alikuwa amejifunza neno. Hakuniambia Idi mubaraka. Alisema, "Umetajwa?" Watoto wakalipokea, wakawa wakinikimbilia uani wakiimba: umetajwa, umetajwa! Mama wa Kikongo aliyekuwa mstarini aliuliza panga lake. Na bibi akaketi na sahani yake ya ubongo, mwaka ule hakumkopesha mtu, akala taratibu mbele yangu bila kunikaribisha.

Wa kwanza kunitaja walikuwa watu wa nchi ya milima, mbali, ambako nao umeme unakatika. Waliandika kwamba wamehifadhi bongo za kondoo kwa njia yangu, na wakaweka jina langu. Nilisoma sentensi ile nimesimama, povu linanichuruzika viwikoni. Baada yao wakaja wengine. Njia ikimfaa mtu, anaitumia, na akiitumia lazima aseme ameitoa wapi; si suala la mapenzi. Makala yangu ile moja ikaanza kuzipita za Profesa moja baada ya nyingine, zile mpya kwanza, kisha zile alizokuwa akizisifia kwenye hotuba. Yeye alikuwa na makala nyingi, kama mtu mwenye kuku wengi wasiotaga. Nilikuwa nikizihesabu kila zinapopitwa. Nilijua anahesabu pia, kwa mlango.

Wanafunzi walikuwa wameanza kuitumia chumvi yangu kwa siri. Waliiita chumvi ya Idi. Binti mmoja mkimya alikuwa akigawa kila ubongo wa panya wake nusu kwa nusu: nusu kwenye friza kama alivyoamriwa, nusu kwenye chumvi, kichupani, ndani ya droo ya soksi zake hosteli.

Kisha umeme ukakatika mwisho wa wiki yenye sikukuu. Jenereta haikuwa na dizeli, kwa sababu Profesa alikuwa ameelekeza fedha ya dizeli kwenye tiketi yake ya kwenda kuhutubia nje. Aliporudi alikuta friza ina joto kama kabati la nguo. Bongo za miaka zilikuwa zimeyeyuka, lebo zinaelea kwenye maji mekundu. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, suti ya safari mwilini, akiokota lebo moja moja na kuzisoma kana kwamba ziliweza kumjibu. Nilikuwa na rolex yangu ya asubuhi mkononi, chapati na mayai, bado ya moto. Nilisimama mlangoni nikaila mpaka ikaisha. Alinisikia nikitafuna.

Kilichobaki katika kazi yake yote ya miaka ile kilikuwa ndani ya droo ya soksi.

Binti alizitoa. Zilipimwa: mistari miwili, miwili, miwili. Profesa akaandika makala kwa hizo, akaeleza kuwa bongo zilihifadhiwa "kwa njia ya kawaida," akapeleka. Wahakiki wakairudisha. Mmoja wao aliuliza swali fupi: njia hiyo ya kawaida ni ipi, na kwa nini mwandishi hajamtaja aliyeigundua, ilhali yuko katika jiji hilohilo?

Aliniita ofisini. Kwa mara ya kwanza aliniambia nikae.

"Ile maji yako," akasema. "Chumvi ni ngapi? Na asidi yake unaweka namna gani?"

"Iko kwenye makala, Profesa."

"Mimi nauliza wewe."

"Kusoma ni bure. Hata kwa maprofesa."

Alifungua makala yangu kwenye kompyuta, nami nikakaa palepale kwenye kiti alichonipa nikamtazama anasoma. Alisoma mpaka kwa mbuzi wa Idi. Kisha akafungua ya kwake, akashuka hadi orodha ya rejea, na vidole vyake viwili vikaandika jina langu herufi moja moja. Kwetu jina la mtu linafuatwa na la baba na la babu, kwa hiyo kilichosimama mwisho, ambacho sayansi hukichukua kama jina la ukoo, ni jina la babu yangu, mume wa bibi, baba wa ami, aliyeuza mafuta ya taa kwa vibaba. Profesa alikosea, akafuta, akaandika tena.

"Sasa wewe nafurahi," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. Sikuona sababu ya kumdanganya.

Nililiacha sinki lake mwezi uleule. Leo natengeneza chumvi ile na maabara zinainunua, na ya kwake ni mmoja wa wateja wangu. Huwa namtuma mfanyakazi mdogo kabisa kuipeleka.

Makala yake ilitoka kabla ya Idi. Nilinunua mbuzi kwa idadi ya nyumba zilizonikopesha, na mwaka huo uchinjaji ukawa kwangu, nyuma ya ukuta wangu, na mstari ukapangwa nje ya geti langu. Bibi nilimwingiza kwa gari nikamkalisha kwenye kiti chenye mito. Yeye alikuwa wa kwanza: ubongo umechemshwa tayari, na ndimu. Mama wa Kikongo nikampa panga jipya na paja zima la mbuzi, akalijaribu makali kwa kidole gumba. "Papa ya Ulaya," akasema, "hili ni la kazi." Nyumba nyingine nazo nikazilipa, kichwa kwa kichwa, na kwa kila mmoja niliisoma kwanza ile sentensi ya Profesa yenye jina langu, niliyoitafsiri Kiswahili na kuikariri.

Ami alifika amechelewa. Alikuja moja kwa moja getini, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akataka kupita. Nilimwonyesha nyuma ya mstari. Alidhani natania. Akapaza sauti kwa bibi aliyekuwa ndani:

"Mama! Mwambie mjukuu wako huyu!"

Bibi alikuwa ana ubongo mdomoni. Akaumeza kwanza. Yeye alikuwapo ile Idi nyingine, kwenye mkeka, na hakusahau kitu.

"Panga mstari na wenzako," akamwambia.

Akapanga. Jua lilikuwa kali na mstari ulikuwa mrefu, wa watu wa Bwaise wengi wao, na waliokuwa wakimjua walikuwa wakimpa pole. Sikuharakisha. Niligawa nyama kwa uangalifu, nikiulizia afya ya kila mtu na ya watoto wake. Alipofika mbele, kanzu ilikuwa imeshikana na mgongo. Nilimsomea sentensi yangu kama nilivyowasomea wengine. Alisikiliza hadi mwisho, hadi jina la baba yake.

"Amekutaja mara ngapi humo?" akauliza.

"Mara moja."

"Mara moja tu, na kelele zote hizi?"

Nilikitoa kichwa chake kwenye beseni, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga fundo.

"Na kichwa chako kilikuwa kimoja, ami," nikasema. "Shika, nyuma yako watu wanangoja."